Peugeot 504 stesheni wagoni: mwaka mmoja na nusu tangu nilitoe chini ya mwarobaini

Mimi ni mpishi wa harusi na hitma, nakaa Tudor, hapa Mombasa. Biriani ya kilo ishirini za mchele hupikwa kwenye sufuria ambayo haiingii kwenye tuktuk hata uigeuze vipi. Kwa miaka tisa nilikuwa nakodi pikapu: shilingi 3,500 kwenda Mtwapa na kurudi, na zaidi kama ni Likoni kwa sababu ya kungoja feri. Dereva akichelewa, mimi ndiye ninayesimama mbele ya mama wa bi harusi nikitafuta maneno. Kulikuwa na harusi moja Miritini ambayo masala yote yalimwagika tulipofika Kibarani, pikapu ilipopiga breki ghafla. Ilibidi nirudi nyumbani kukaanga vitunguu upya saa tano ya asubuhi, wageni wakingojewa saa saba. Usiku ule nilimwambia mume wangu kwamba nanunua gari.

Nilijua ninachokitaka. Nataka sakafu ndefu iliyo chini, kwa sababu mimi ni mfupi na sufuria ya moto hainyanyuliwi mpaka kifuani. Nataka paa la bati, si turubai. Na nataka viti, maana nikienda kupika tunakwenda wanawake sita.

Kakangu alinishauri Toyota Probox. Nilikagua Probox tatu kwenye yadi tofauti, na sina neno baya la kusema: halili mafuta, na spea zake zapatikana kila kona. Lakini zile za bei yangu zilikuwa zimebeba mizigo mpaka springi zimelala, na zilizo nzima zilipita shilingi 700,000. Sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, kwa hivyo stesheni ya zamani hutaiona ikishushwa bandarini Kilindini. Itafute pale ilipoegeshwa na kusahauliwa, nyuma ya nyumba ya mtu.

Langu nililiona Mikindani, nilipokwenda kupika hitma. Lilikuwa chini ya mwarobaini, magurudumu yamekaa kwa rimu, majani yamejaa mpaka kwenye wipa, na kuku alikuwa ametaga kwenye kiti cha nyuma. Namba yake ni ya KAA, mfumo ulioanza 1989. Rangi ilikuwa nyeupe kwa mbali, kwa karibu ilikuwa chokaa. Mwenyewe alikuwa amefariki, na mjane wake hajui kuendesha. Gari lilikuwa halijawashwa miaka sita. Nilimaliza kupakua, nikanawa mikono, nikarudi pale mwarobaini kulitazama vizuri. Alitaka 250,000. Tulipatana 165,000.

Hapa nataka kumwambia mnunuzi jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Kitabu cha gari kilikuwa kwa jina la marehemu. Gari kama hilo huwezi kuhamisha umiliki wake NTSA, ile mamlaka inayosajili magari, kwa maelewano yako na mjane pekee. Yatakiwa hati ya mirathi kutoka mahakamani. Mama wa watu alikuwa ameianza kesi kwa Kadhi, akachoka njiani. Nilimlipa arubuni ya 30,000 mbele ya mashahidi wawili, tukaandikiana, nikamsindikiza mahakamani mara tatu, na gari likabaki palepale chini ya mti miezi miwili na nusu mpaka hati ikatoka. Kuna watu walionicheka kwa kungoja. Ukweli wangu ni kwamba nisingetia hata msumari kwenye gari ambalo si langu kisheria.

Siku ya kulikagua nilikwenda na bisibisi na sumaku ndogo niliyoifunga kitambaa. Watu wengi hufungua boneti kwanza. Mimi nililala chini. Mombasa injini haiui gari, bati ndilo linaloliua. Hewa ya bahari hapa yala chuma usiku na mchana. Unapitisha sumaku kwenye bodi: ikishika, pana chuma, ikiteleza, pana puti iliyopakwa rangi juu. Kisha bisibisi unaibonyeza chini ya milango, kwenye sakafu chini ya zulia, kwenye pembe za chini za kioo cha mbele, na ukingo wa chini wa mlango wa nyuma, pale maji hujikusanya. Langu lilikuwa limeoza chini ya milango yote ya kushoto, sakafu ya dereva ilitoboka kama kitunga, na mlango wa nyuma ulikuwa umeliwa upana wa vidole vitatu. Lakini zile fremu mbili zinazopita chini ni nzima, na pale juu shoka za mbele, zile za kuzuia mtikiso, zinapofungiwa palikuwa pagumu, bisibisi haikuingia. Hapo ndipo nilipoamua. Sakafu hukatwa ikatiwa nyingine. Pale penye shoka pakioza, mwachie mwenye gari lake.

Kuliamsha kulichukua siku nne, na hatukuligusa swichi mpaka siku ya nne. Tulitoa plagi, tukamimina kijiko cha oili ndani ya kila silinda, tukaacha lilale siku mbili, kisha tukazungusha injini kwa spana kutoka mbele, kwa mkono, mpaka ikazunguka bila kukwama. Tangi la petroli lilinuka kama vanishi. Tulilishusha, tukalitia kokoto na maji ya moto, tukalitikisa wanaume wawili huku na huku mpaka kutu ikatoka kama chai ya rangi. Kabureta ilifunguliwa yote. Panya walikuwa wamejenga nyuma ya dashibodi na kula waya za taa. Breki zilikuwa zimeshika: diski za mbele zilisuguka zikapona, breki za nyuma, ambazo ni za ngoma si diski, zilitaka silinda mpya mbili na mipira yote ya kupitisha mafuta. Matairi yalikuwa na meno mazuri lakini ubavuni yamepasuka nyufa nyufa. Tairi kama lile ukiliamini barabara ya Kilifi umejitafutia.

Lilipowaka, liliwaka kwa dumu la petroli lililoninginizwa kwenye mwarobaini, maana tangi lilikuwa bado linakauka. Moshi wa kwanza ulikuwa wa buluu, wa ile oili tuliyoitia. Baada ya dakika kumi ukaisha. Mjane alitoka mlangoni na leso yake begani, akasema, "Hiyo sauti naijua." Kisha akaingia ndani.

Sasa nije kwenye kosa langu. Nililipeleka gereji iliyo karibu na nyumbani, ambayo sitaitaja, kwa sababu ya ukaribu tu. Wakaliweka wiki, wakanitoza 19,000, wakasema liko sawa. Nilipouliza habari ya joto, waliniambia wametoa themostati, ile vali ya kudhibiti joto la maji ya injini, kwa sababu Mombasa ni joto na gari halina haja nayo. Nikalijaribu barabara ya Nairobi. Mpaka Miritini sindano ya joto ilikuwa katikati. Kupanda Mazeras nyuma ya malori, ikaanza kupanda na mimi. Kabla sijafika Mariakani nilizima gari kando ya barabara, mvuke ukitoka kwenye boneti, na ndani nina mama yangu mkubwa wa miaka sabini na moja ambaye nilimwambia twende tukapunge hewa.

Wa kuniokoa alikuwa fundi mzee wa Shimanzi, aliyezeekea kwenye magari haya. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda anakula mahamri. Hakufungua kitu. Aliniambia, "Liwashe, mwanangu, tukae." Tulikaa kama dakika ishirini, gari likinguruma, yeye akitazama feni tu. Kisha akasema, "Injini hii haina ugonjwa. Imenyimwa hewa."

Feni ya 504 haizunguki muda wote. Ndani yake mna sumaku ya umeme. Maji yakipata moto, swichi ya joto hupeleka umeme kupitia kipande kidogo cha kaboni, sumaku inashika, na feni inazunguka pamoja na injini. Maji yakipoa, inaachia. Langu kaboni ilikuwa imekwisha na waya wake umekatika, huenda na panya walewale. Kwa hivyo likienda kasi barabara tambarare, upepo wa mbele watosha. Likipanda polepole nyuma ya lori, hakuna upepo na hakuna feni. Mafundi wengine huifunga feni kwa bolti izunguke siku zote. Mzee alinikataza: feni ya kufungwa yala petroli na kuikokota pampu ya maji bure. Kaboni ilinigharimu shilingi 400. Rejeta ilifunguliwa juu na chini, na karibu nusu ya mirija ilikuwa imezibwa na uchafu wa maji ya chumvi ambayo mtu alikuwa akiitia miaka nenda miaka rudi. Themostati mpya ikarudishwa mahali pake.

Lakini madhara ya Mazeras yalikuwa yamekwisha kutokea. Maji ya rejeta yalikuwa yanatoa mapovu gari likiwaka, maana yake gasketi ya hedi, yaani ya kifuniko cha juu cha injini, imepasuka. Hapa ndipo nilipoona tofauti ya fundi na fundi, na ndiyo sababu hasa ya kuandika haya. Silinda za injini hii si matundu yaliyotobolewa kwenye bloku. Ni laina za chuma zinazosimama ndani ya maji, chini zimekalia pete nyembamba za kuzuia maji yasishuke kwenye oili, na juu zinakandamizwa na hedi. Ukitoa hedi, hakuna kinachozishika. Fundi asiyejua huzungusha injini ili asafishe pistoni, laina zinanyanyuka kidogo, pete zinaharibika, anafunga, anakupa gari, na baada ya wiki oili yako imekuwa nyeupe kama tui. Mzee alipotoa hedi tu, kabla hata ya kufuta mikono, alizifunga laina kwa bolti nne na washa nene alizokuwa nazo kwenye kopo la maziwa la zamani. Kopo lile halina kazi nyingine. Kisha akapima kila laina imechomoza kiasi gani juu ya bloku, kwa vile vijani vyembamba vya chuma, akaandika namba kwa chaki ukutani. Hedi ni ya aluminiamu na ilikuwa imepinda. Ilipelekwa kwenye mashine ikasawazishwa. Gasketi ilitoka Nairobi, barabara ya Kirinyaga, ikaja na basi la usiku.

Kuhusu spea, watu hutishana kupita kiasi. 504 ziliunganishwa hapa Kenya kwa miaka mingi, kama 27,000, na pikapu zake zingali zinabeba nazi na mbao huko Kilifi na Kwale. Injini na sehemu kubwa ya mbele ni ndugu moja na stesheni. Kilicho kigumu kupatikana ni vya stesheni peke yake: kioo cha mlango wa nyuma, mipira ya madirisha ya ubavuni, taa za nyuma. Ukikuta gari lenye vioo vyote vya nyuma, hiyo ni sababu ya kuongeza bei kidogo. Langu lilikuwa navyo vyote.

Bodi ilichukua wiki tano. Fundi wa bodi alikata mpaka alipofika kwenye chuma kinachong'aa, akachomelea bati jipya badala ya kubandika juu ya kutu, na nilikuwa nakwenda kila jioni nikitoka sokoni kuangalia asije akanifichia kwa puti. Hakunificha. Ndani ya matundu ya chini ya milango tulinyunyiza grisi iliyoyeyushwa. Rangi ni ileile nyeupe, sikutaka nyingine.

Na tangu hapo nina sheria moja ya nyumbani ambayo wanangu wameichoka: gari hili halioshwi kwenye kuosha magari kokote. Sehemu nyingi za kuosha mjini hutumia maji ya kisima, na visima vyetu vingi vya kisiwani vina chumvi. Unalipa mtu alinyunyizie gari lako chumvi, kwa presha, mpaka kwenye mianya ambayo bahari yenyewe haifiki. Mimi hungoja maji ya bomba ya Mzima, yakitoka, usiku mara nyingi, nikajaza madumu. Madumu matatu yanatosha. Naanzia chini, ndani ya matao ya magurudumu, hasa wakati wa kusi ambapo upepo huleta unyevu wa bahari mpaka ndani ya kabati za nguo.

Sasa, lina faida gani? Nafasi. Stesheni hii ina urefu wa mita 4.8, na umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni mita 2.9, ilhali 504 ya saluni, ile yenye buti, ni 2.74. Waliirefusha kwa ajili ya mzigo, na nyuma wakaweka springi nne, mbili kila upande. Nikitoa kiti cha nyuma kabisa, ambacho fundi wa viti alinitengenezea kitoke kwa bolti nne, sufuria tatu kubwa zinakaa sakafuni kwa mstari, masinia ubavuni, na wanawake wanne wanabaki kwenye kiti cha kati na cha mbele pamoja nami. Wawili waliobaki hutangulia na tuktuk kuwasha kuni. Jumapili narudisha kiti, tunakuwa wanane kwenda Kaloleni kwa mashemeji, na mama mkubwa anakaa mbele bila kulalamika magoti.

Mwendo wake kwenye barabara mbaya sijaupata kwenye gari jingine nililowahi kupanda. Linanesa polepole, kwa upana, halirushi. Wazee wa Shimanzi hawamalizi chai bila kukukumbusha kwamba Ove Andersson alishinda Safari Rally ya 1975 kwa 504, na Jean-Pierre Nicolas akashinda ya 1978 kwa 504 ya milango miwili. Langu ni mzee wa kubeba sufuria, lakini uvumilivu ule wa mashimo naamini ni wa ukoo. Nimekwenda njia ya vumbi ya ndani Kaloleni na masala kwenye sufuria, kifuniko kimefungwa kwa kamba ya mkonge tu, na hakikumwagika kitu.

Kasoro zake nitazisema zote. Injini ni ya 1971 cc na yataka petroli: nilipima kwenda Voi na kurudi, ikanipa kilomita 9 na nukta kwa lita, mjini kwa foleni ya Makupa hupata 7 tu. Usukani hauna nguvu za kusaidiwa. Kuliegesha vichochoro vya Mji wa Kale ni kazi ya mabega, na siku hizi huliacha Makadara nikatembea. Hakuna kiyoyozi, na wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi, wanaokaa nyuma wanateseka kweli, madirisha yao ni madogo. Kampuni mbili za bima zilikataa kunipa bima kamili kwa sababu ya umri wake, kwa hivyo nina ile ya mtu wa tatu tu, na jambo hilo lanikosesha usingizi nikiwa natoka Mtwapa usiku wa manane. Mpira wa kioo cha mbele bado wavuja upande wa abiria. Nimeutia gundi mara mbili, na mara mbili masika yameushinda.

Hesabu ni hii. Gari 165,000. Injini, rejeta na hedi, ukijumlisha na zile 19,000 za gereji ya kwanza, 78,000. Bodi na rangi 92,000. Breki 23,500. Matairi manne ya raundi 14, 38,000. Viti 14,000. Jumla 410,500, bila gharama za mahakamani ambazo tuligawana na mjane. Kwa pesa hizo nisingepata Probox nzima, lakini mtu asikwambie kwamba umenunua gari la 165,000. Bei ya kwanza si hata nusu.

Fundi wa Shimanzi nampa alama zote. Hakunitoza kwa kukaa na kusikiliza, na vitu vyote vibovu alinirudishia ndani ya mfuko ili nijue kimetoka nini. Kasoro yake ni moja: hachukui magari zaidi ya mawili kwa wakati mmoja, kwa hivyo yataka kungoja zamu, na zamu yaweza kuwa mwezi.

Je, ningemshauri mtu alinunue? Mwenye kivuli cha kuliegesha, mwenye mzigo wa kweli wa kubeba, na mwenye saa moja kila wiki ya kuinama chini yake na dumu la maji, ndiyo, na aje nimwonyeshe pa kubonyeza bisibisi. Anayekaa ghorofani Ganjoni na kuliacha gari barabarani linapigwa na upepo wa bahari, simshauri; baada ya masika mawili litarudi vilevile nilivyolikuta.

Mpira wa kioo nimeshauagiza. Waja na basi Alhamisi.